Jina husafiri, mwonekano hubaki: niliyojifunza kwa kupanga folda za steshonari

Kompyuta ya kaunta kwenye steshonari haina mwenyewe. Asubuhi naikalia mimi, mchana anaikalia binti ninayefanya naye kazi, jioni bosi anaipitia kuangalia mauzo, na katikati ya hayo yote wapo wateja wanaoinama juu ya kaunta na kunyoosha kidole kwenye kioo: "Hiyo hapo dada, hiyo ya njano." Zote ni za njano. Tangu enzi za Windows 95 folda za Windows ni za njano, na usipozigusa unabaki na ukuta wa sura moja, tofauti pekee ikiwa maandishi madogo yaliyo chini ya kila moja.

Ofisi yetu iko Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Tunatoa kopi, tunaskani vyeti, tunapiga picha za pasipoti, tunachapa CV na barua za maombi ya kazi, tunatengeneza kadi za michango ya harusi. Dirisha la HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, likifunguliwa, ndipo utakapojua ofisi imepangwa au haikupangwa. Kila kijana anakuja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), anataka picha, anataka fomu ichapwe, anakwenda nayo serikali ya mtaa kusainiwa, anairudisha iskaniwe na kupandishwa tena kwenye mfumo. Mtu mmoja anaacha faili kadhaa, na anayemfuata yuko mgongoni kwake anahema. Hapo sura ya folda haiwi tena suala la urembo. Sekunde unazotumia kutafuta cheti cha yule kaka aliyetoka sasa hivi, foleni nzima inazihesabu.

Nimeyajua haya polepole, mengi kwa kuchokonoa, mengine kwa sababu mteja aliuliza swali likanikaa kichwani mpaka usiku. Na kadiri nilivyochokonoa ndivyo nilivyoona kwamba malalamiko karibu yote ya watu kuhusu folda zao ("mbona jana nilipanga vizuri, leo imerudi kama zamani?") yanatokana na kutojua kitu kimoja: namna unavyoiona folda ukiifungua, sura ambayo folda yenyewe imevaa, na jina lake havihifadhiwi mahali pamoja. Kimoja kinabaki kwenye kompyuta, kingine kinatembea na folda hatua chache, na cha tatu kinafika popote.

Nianze na hicho kinachobaki, maana ndicho watu wanachokihangaikia zaidi.

Ukifungua folda, Windows inakupa namna kadhaa za kuyaona yaliyomo: ikoni kubwa, ikoni ndogo, orodha, orodha yenye maelezo, na kadhalika. Wengi wanabadilisha kwa kuzunguka kwenye menyu. Mimi natumia Ctrl na Shift pamoja na namba: 2 inaleta ikoni kubwa, 6 inaleta orodha yenye maelezo. Hizo mbili zinanitosha. Zilizobaki nazikuta tu pale mtu alipobonyeza asichokijua. Kuna pia kushika Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya, njia nzuri kwa mzee anayetaka vitu vikubwe palepale bila maelezo marefu. Inafanya kazi hata kwenye desktopu yenyewe, na wengi hawajui hilo.

Lakini ipi uitumie wapi? Kanuni yangu ni kujiuliza swali ninalokuja nalo ninapofungua folda. Folda ya picha za pasipoti naifungua nikiuliza "ni nani?" Jibu liko usoni, kwa hiyo hiyo ni ikoni kubwa, hakuna mjadala. Folda ya kazi za kuchapa naifungua nikiuliza "ni lini, na ni ipi ya mwisho?" Hapo ikoni kubwa ni mzigo mtupu: karatasi ishirini za Word zina sura moja, herufi W ya buluu mara ishirini. Orodha yenye maelezo, iliyopangwa kwa tarehe ya kubadilishwa, ya karibuni juu, inakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Downloads ndiyo folda inayostahili kupangwa kuliko zote, na ndiyo ambayo watu hawaigusi. Siku hizi mteja haleti flashi, anakutumia WhatsApp. Faili inashuka ikiwa na jina kama DOC likifuatwa na tarehe na herufi WA na tarakimu, na picha inashuka ikiitwa WhatsApp Image na tarehe na saa. Jina la namna hiyo halikwambii ni la nani. Kinachokusaidia ni saa: imeshuka sasa hivi, basi ni ya huyu aliye mbele yangu. Toleo la Windows 10 la mwaka 2019 lilianza kuipanga Downloads yenyewe kwa makundi ya leo, jana, wiki iliyopita. Nakumbuka watu wengi waliokuja kwetu na kompyuta zao wakitaka hayo makundi yaondolewe, wakidhani ni hitilafu. Niliwaondolea, maana mteja ni mfalme, ila kwenye ya kwetu niliyaacha. Kwa mtu anayepokea faili za wageni siku nzima, hakuna mpango bora kuliko huo.

Jambo moja zuri la orodha yenye maelezo ni kwamba unaweza kubofya kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu na kuongeza safu unazotaka. Kwenye folda za picha niliongeza ile ya vipimo, yaani upana na urefu kwa pikseli. Mifumo ya maombi ya mtandaoni ina masharti yake ya ukubwa wa picha na faili, na kwa safu hiyo pamoja na ile ya ukubwa wa faili naona kwa jicho moja ipi itakataliwa kabla ya kuhangaika kuipandisha.

Sasa, hapo ndipo panapoanza vituko. Unapanga folda vizuri, unarudi kesho unakuta Windows imeibadilisha yenyewe. Nililifuatilia hilo mpaka nikalielewa. Windows ina aina tano za folda: ya kawaida, ya nyaraka, ya picha, ya muziki na ya video. Usipoiambia folda ni ya aina gani, inachungulia yaliyomo na kukisia. Folda ya barua ukiiwekea picha nyingi za vyeti vilivyoskaniwa, siku moja inajiita folda ya picha, na mwonekano wote unageuka. Dawa ni kuibofya kitufe cha kulia, kufungua "Properties", kisha kipande cha "Customize", na kuichagulia aina mwenyewe. Chini yake kuna kisanduku cha kufanya hivyohivyo kwa folda zote zilizo ndani, kiweke tiki. Vilevile ile amri ya kutumia mwonekano mmoja kwa folda zote, iliyo kwenye dirisha la chaguo za folda, inagusa folda za aina ileile tu. Ndiyo maana mtu anaibonyeza, anafurahi, halafu anafungua folda ya picha na kukuta haijasikia kitu.

Kipande hichohicho cha aina za folda ndicho kilichotibu tatizo ambalo bosi alikuwa tayari kulitolea hela. Kuna folda yetu ilikuwa ikifunguliwa, mstari wa kijani unatembea juu kwenye anwani polepole kama gari la mkaa kwenye mlima, na faili hazionekani mpaka ufike mwisho. Fundi alishasema kompyuta imechoka, inunuliwe nyingine. Folda ile ilikuwa na maelfu ya faili mchanganyiko na Windows ilikuwa imeikisia kuwa ya picha, kwa hiyo kila ikifunguliwa inaanza kuchambua kila faili kutafuta taarifa za picha. Niliigeuza kuwa ya kawaida. Ikafunguka palepale, na kompyuta hiyo bado tunaitumia.

Na bado hata ukifanya yote hayo, mwonekano unaoupanga unahifadhiwa kwenye rejista ya Windows, yaani ghala lake la mipangilio, chini ya akaunti yako, kwenye funguo ziitwazo Bags na BagMRU, wala haumo ndani ya folda. Windows inakumbuka mionekano hadi kiwango fulani: katika Windows XP ya mwanzo ilikuwa folda 400, baadaye ikapandishwa hadi 5,000. Kwa mtu wa nyumbani 5,000 ni nyingi mno. Kwa steshonari inayochomekwa flashi za watu kuanzia asubuhi hadi jioni, kila folda unayoifungua humo nayo inaingia kwenye hesabu, na za zamani zinasukumwa nje. Nilipolijua hilo niliacha kushangaa kwa nini kompyuta ya kaunta inasahau haraka kuliko ile ya ndani ambayo haichomekwi flashi.

Kuna upande mwingine wa ikoni kubwa ambao sikuwahi kuusikia ukizungumzwa na mafundi. Folda ikionyeshwa kwa ikoni kubwa, Windows inachomoza vipande vya picha zilizo ndani yake. Inapendeza kwenye kompyuta ya nyumbani yenye picha za harusi. Kwenye kaunta, ina maana mama aliyekuja kutoa kopi ya karatasi ya mita ya umeme anaona kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mtu mwingine, tena kwa ukubwa wa kusomeka. Siku moja mzee mmoja, mwalimu mstaafu ninayempa shikamoo kila anapopita, aliangalia kioo akasema, "Mwanangu, huyu si jirani yangu? Kumbe anaomba kazi huko?" Alisema bila ubaya wowote, ila mimi nilijisikia vibaya kwa niaba ya huyo jirani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, heshima ya mteja inatosha. Kwenye chaguo za folda kuna kisanduku kinachosema zionyeshwe ikoni siku zote na picha ndogo zisionyeshwe kamwe. Kwenye kompyuta inayotazamana na wateja kimewekwa tiki. Kazi za picha za pasipoti tulizihamishia ile ya ndani, ambako nyuso zinaonekana kwa anayezihitaji tu.

Tuje kwenye rangi. Hapa ndipo penye raha, na kusema kweli ndipo nilipoanzia kabla ya yote.

Kubadilisha ikoni ya folda ni rahisi: "Properties", "Customize", kisha kitufe cha kubadilisha ikoni. Linafunguka dirisha la ikoni za faili iitwayo shell32.dll, ambamo utakuta nyota, kufuli, mti, na vidude vya zamani ambavyo vijana wa leo hawajui ni nini. Ukitaka za kisasa zaidi, andika njia (yaani anwani ya mahali faili ilipo) ya imageres.dll, iko kwenye folda ileile ya System32. Kwa muda mrefu nilitumia hizo. Kufuli kwa hesabu za bosi, nyota kwa kazi za haraka.

Nilipotaka rangi hasa, kijani kwa kazi zilizolipiwa na nyekundu kwa zinazodaiwa, ilibidi nitengeneze mwenyewe. Kuna programu za kupaka folda rangi na nyingine ni nzuri, lakini sipendi kuweka kwenye kompyuta ya kazi kitu nisichojua kinafanya nini kingine, hasa vya bure vinavyokuja na wenzake. Natumia GIMP, ambayo ni ya bure na inajulikana. Siri ya ikoni nzuri ni kwamba faili moja ya .ico inabeba ukubwa kadhaa kwa pamoja: pikseli 16, 32, 48 na 256. Ukiweka ya 256 peke yake, itang'aa kwenye ikoni kubwa, lakini ukigeuza kwenye orodha inaminywa hadi 16 na kuwa doa. Kwenye GIMP unaweka kila ukubwa kama tabaka lake, unahamisha kwa muundo wa .ico, basi. Na kubadilisha jina la faili kutoka .png kuwa .ico si kuibadilisha faili; nimewaona wengi wakifanya hivyo halafu wanailaumu Windows. Kwa ule ukubwa wa 16 nashauri usichore chochote. Paka rangi tu. Jicho lenye haraka halisomi mchoro wa pikseli 16.

Rangi zisizidi nne, tano ukijikaza. Binti wa ofisini, kipindi alipojua kupaka, alitupatia zambarau, waridi, chungwa, buluu ya bahari na buluu ya mbingu, na ndani ya muda mfupi hakuna aliyekumbuka chungwa ni nini. Tukapunguza.

Unapobadilisha ikoni, Windows inaandika ndani ya folda faili ndogo iliyofichwa iitwayo desktop.ini. Ukiifungua kwa Notepad utakuta mstari wa kwanza una neno ShellClassInfo ndani ya mabano ya mraba, na chini yake IconResource ikifuatwa na njia ya ikoni. Unaweza kuongeza mstari wa InfoTip na maneno yako, na mtu akisogeza kipanya juu ya folda maneno hayo yanachomoza. Mimi nimeweka kwenye folda ya madeni: "Usifute kabla ya kumuuliza dada." Imefanya kazi kuliko karatasi niliyokuwa nimebandika ukutani.

Kwa hiyo rangi, tofauti na mwonekano, iko ndani ya folda na inaweza kusafiri nayo. Ila iangalie njia ya ikoni. Kama desktop.ini inasema ikoni iko kwenye diski ya C, kwenye Downloads za akaunti yako, ukiihamishia folda kwenye flashi na kuichomeka kwingine, kule hakuna hiyo njia, na folda inarudi kuwa ya njano. Hata hapohapo ofisini, atakayesafisha Downloads ataondoka na rangi zote. Ninachofanya ni kuiweka faili ya ikoni ndani ya folda yenyewe, kisha kwenye desktop.ini naandika jina lake tu bila njia. Naificha isisumbue macho. Folda ikienda, inakwenda na rangi yake.

Inakwenda, lakini haifiki kila mahali. Simu inaonyesha jina tu. Kompyuta ya Linux ya mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUA haijali desktop.ini hata kidogo. Mac nayo ina utaratibu wake: inahifadhi ikoni ya folda kwenye faili iliyofichwa iitwayo Icon, na folda hiyo ikija Windows utakuta faili tupu ya jina hilo imekaa tu, na wateja wanaiulizia kama ni kirusi.

Virusi vya flashi vilinifundisha kuhusu folda kuliko kitabu chochote. Wanaofanya kazi hizi wanavijua: mteja anachomeka flashi, folda zake zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), au kuna folda mpya yenye jina la kuvutia na ukubwa wa ajabu. Ile ya pili si folda. Ni programu ya .exe iliyovishwa ikoni ya folda ya njano, na kwa kuwa Windows kwa kawaida inaficha viambishi vya majina ya faili (zile herufi za mwisho kama .exe), mtu anaona jina na sura ya folda, anabofya mara mbili, kwisha habari. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalofanya kwenye kompyuta yoyote, kabla ya rangi na kabla ya kitu chochote, ni kuondoa tiki kwenye kisanduku cha kuficha viambishi hivyo. La pili, flashi ya mteja naiangalia kwa orodha yenye maelezo. Safu ya aina ya faili haidanganywi na ikoni: folda ya kweli inaandikwa "File folder", ya uongo inaandikwa "Application". Urembo wa ikoni kubwa ndio unaomsaidia mwenye kirusi.

Folda za kweli kwa kawaida zinakuwa bado zimo kwenye flashi ila zimefichwa, na amri ya kuzirudisha karibu kila fundi anaijua kwa moyo: attrib -h -r -s /s /d, ikifuatwa na herufi ya flashi. Inaondoa alama za kufichwa, za kusomwa tu na za kimfumo kwenye kila kitu. Mteja anaona faili zake, anashukuru, anakwenda. Lakini kama alikuwa na folda za rangi, zote zinarudi njano, na kila folda inaota desktop.ini inayoonekana. Sababu ni kwamba Windows haiangalii desktop.ini ya kila folda. Inaangalia ile tu ambayo folda yake ina alama ya kusomwa tu au ya kimfumo. Amri imezifuta, kwa hiyo Windows haichungulii tena. Hakuna kilichopotea. Unaipa folda alama yake kwa attrib +r na jina la folda, na desktop.ini unaificha kwa attrib +h +s. Rangi ikichelewa kurudi, anzisha upya Windows Explorer kwenye Task Manager, maana ikoni nazo huwekwa akiba. Wateja waliokwisha kuzifuta zile desktop.ini wakidhani ni mabaki ya kirusi, hao ndio wanaopaka upya.

Mama yangu mdogo alikuwa karani wa masjala kwenye ofisi ya serikali mpaka alipostaafu. Alipokuja ofisini nikamwonyesha folda zangu kwa majivuno, kijani hapa, nyekundu pale. Alitazama kwa utulivu wa watu waliozoea majalada. Akauliza, "Jalada likitoka hapa likaenda meza nyingine, aliyeko kule anajua nini?" Nikamwambia ataona rangi. "Na kama taa imezimika?" Masjala, alinieleza, jalada lina namba ya kumbukumbu na jina juu ya ganda kwa sababu jalada linatembea; rangi ya ganda ni msaada kwa anayepita karibu na kabati. Watu waliobuni mfumo wa desktopu kwenye kompyuta, kama wale wa Xerox waliotoa mashine ya Star mwaka 1981, walichora folda na karatasi kwa kuiga ofisi za aina hiyo, kwa hiyo sikuona sababu ya kubishana na mtu aliyeishi ndani ya ile ya asili.

Nikarudi kwenye majina. Kila folda ya mteja sasa inaanza na tarehe kwa mtindo wa mwaka, mwezi, siku, kisha jina, kisha kazi: 2024-06-18 Juma fomu ya mkopo, kwa mfano. Ukianza na siku, tarehe 1 ya Desemba inakaa kabla ya tarehe 2 ya Januari na mpangilio hauna maana. Ukianza na mwaka, mpangilio wa alfabeti na wa kalenda unakuwa kitu kimoja, kwenye Windows, kwenye simu, kwenye flashi, hata kwenye kioo kidogo cha mashine ya kuchapa inayosoma flashi moja kwa moja. Folda kuu za desktopu zinaanza na 01, 02, 03. Windows yenyewe tangu XP inajua kwamba 2 ni ndogo kuliko 10, lakini vifaa vingine havijui, na hiyo sifuri ya mbele haigharimu kitu. Neno "imelipwa" au "deni" liko kwenye jina pia. Rangi inarudia tu yale ambayo jina limeshasema, kwa ajili yetu tuliokaa mbele ya kioo.

La desktopu kuwa mahali pa kuhifadhia, nitalisema kwa kifupi kwa sababu mafundi wamelisema mpaka wamechoka. Desktopu ni folda kama nyingine, iko kwenye C chini ya akaunti yako, na siku fundi akipiga Windows upya bila kuuliza, inaondoka nayo. Folda zetu zenyewe ziko D. Kwenye desktopu ni njia za mkato tu, na nimezima ile ya ikoni kujipanga zenyewe, nikaacha ya kuzilinganisha kwenye mistari, ili kila kimoja kikae kona yake. Kazi mpya kushoto juu, madeni kulia chini, karibu na saa, ambako bosi anatazama kila mara. Ukibadilisha ukubwa wa skrini au ukichomeka projekta, vinaweza kusogea. Hilo silipiganii tena.

Binti na mimi tulikuwa tukivutana kuhusu mwonekano. Yeye anapenda ikoni kubwa, mimi napenda orodha, na kila mmoja alikuwa akirudisha vitu anavyotaka mwenzake akienda kula. Jibu lilikuwa palepale kwenye rejista: mwonekano ni wa akaunti. Nikamfungulia akaunti yake. Folda za D ni zilezile, majina ni yaleyale, nyekundu ni nyekundu kwetu sote, lakini kwake zinafunguka kubwa na kwangu zinafunguka kwa mistari. Tiki ya kuficha picha ndogo niliiweka kwenye akaunti zote mbili, hiyo haina upendeleo wa mtu. Bosi aliponunua kompyuta nyingine akataka ifanane na ya kwanza, nilinakili folda za D kwa flashi. Rangi zikaja nazo. Mionekano nikaipanga upya kwa mkono, nikianza na viambishi vya faili, kisha Downloads.